Mwaka Nilioachwa Mbele ya Kamera

Bi Zuhura alikufa mwezi uliopita, Jumatano asubuhi, amekaa kitako jikoni kwake Shela, Malindi, akichambua mchele. Nilipopigiwa simu nilikuwa namsuka binti yangu Nasra. Nikamaliza mistari miwili iliyobaki, nikamfunga kamba za nywele, ndipo nikanyanyuka kutafuta buibui. Sikulia. Kwenye matanga wanawake walikuwa ndani, wanaume nje chini ya turubai, na kupitia dirishani nikamwona Faraji ameketi kwenye kiti cha mbele, kanzu nyeupe, analia vizuri kama anavyolia siku zote. Wasichana wawili waliokaa ubavuni mwangu wakaanza kunong'ona. "Ndiye yule? Yule mume mwema wa runingani?" "Ndiye." "Wallahi mkewe ana bahati." Mimi nikawapitishia sinia ya tende. Baadaye Faraji akanitumia ujumbe kwenye simu, ati tuonane tuzungumze, yameshapita mengi. Nikaufuta, nikaenda kuosha vikombe. Lakini tangu siku hiyo mkono wangu unawasha, kwa sababu kila mtu pale matangani alikuwa na hadithi yake kuhusu mimi na yeye, na hakuna hata mmoja aliyeielezea kama ilivyokuwa. Kwa hiyo nitaielezea mwenyewe.

Watu wananijua kwa uso, hawanijui kwa jina. Mimi ndiye yule muuguzi anayetoka chumbani na kusema pole, tumejitahidi. Mimi ndiye mwenye nyumba anayetupa vyombo vya mpangaji nje. Nimekuwa shahidi mahakamani, mjane, mchawi mara moja, na jirani anayechungulia zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Nina miaka ishirini na tisa na nimeshakuwa mama mkwe mara nne. Sijawahi kuwa bi harusi wala anayependwa, na sitaki. Kazi hii ya kuwa mtu wa pembeni, anayeingia, anasema lake, na kuifanya hadithi igeuke, nilifundishwa na Bi Zuhura katika mwaka mmoja, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo nilikuwa mke wa mwigizaji, basi.

Bi Zuhura mwenyewe alipanda jukwaani akiwa msichana. Siku ya kwanza akapewa nafasi ya bibi kizee kwa kuwa aliyekuwa aicheze alishikwa na homa, na hakuutoka uzee huo mpaka alipozeeka kweli. Alicheza mama mkwe kwenye kumbi za Malindi na Kilifi, kwenye viwanja vya shule, kwenye hoteli za Watamu mbele ya wageni wasioelewa neno na bado walimchukia, na mwishowe kwenye runinga. Sokoni palikuwa na mama mmoja aliyekataa kabisa kumuuzia samaki. "Wewe mama hukumwonea huruma yule mkaza mwana wako. Nenda kale majani." Bi Zuhura akarudi nyumbani mikono mitupu huku akicheka, tukala mchicha siku hiyo, na akawa anarudia maneno ya yule mama kila tonge, kama mtu aliyepewa zawadi.

Chumba chake cha uani ndicho kilichokuwa ukumbi wetu wa mazoezi. Palikuwa na mkeka, sanduku la bati lenye nguo za maigizo, kioo kilichoanza kuota madoa, na pazia la leso mbili zilizoshonwa pamoja. Kikundi kilikuwa na watu wachache na kanuni nyingi, na kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa ya talaka. Kwetu neno hilo si la kuchezea. Wazee walitufunza kwamba hata mtu akilisema kwa mzaha anaweza kujikuta limeshika. Na mchezo wa Kiswahili usio na talaka ndani yake utautafuta mpaka uchoke. Basi siku ya onyesho la talaka Bi Zuhura alikuwa anatukusanya sote kabla ya kuanza, anamsimamisha mwanamume katikati, na kumtaka aseme mbele yetu: naigiza, maneno si yangu, sina nia. Ndipo anamwachia aende. Tena hakuwahi kumpanga mwanamume na mkewe wa ndoa katika onyesho hilo. Hata kama walikuwa ndio waigizaji bora. "Nitafutie mwingine," alikuwa akisema, "au mchezo uwe wa mazishi."

Faraji alikuwa mwigizaji bora wa kikundi. Nalisema hili bila kinyongo kwa sababu ni kweli. Alitoka Kakuyuni, mtoto wa wakulima, na alikuwa na kichwa cha ajabu: akisoma maandishi mara mbili anayajua yote, yake na ya wenzake, na mtu akisahau alikuwa anamnong'oneza bila kugeuza shingo. Mimi ndiye niliyemshikia karatasi usiku na mchana, Nasra akiwa titini, nikisoma maneno ya wanawake wote ambao Faraji alikuwa akiwapenda na kuwaacha jukwaani. Nyumbani alikuwa mtu wa kimya. Nilidhani amechoka.

Mwaka huo wakaja watu wa Nairobi kupiga tamthilia ya runinga. Wakakodi nyumba ya zamani Mnarani, ng'ambo ya maji ya Kilifi, yenye baraza ndefu na vyumba vyenye giza. Bi Zuhura alikuwa mama mkwe, naam. Faraji alikuwa mume, aitwaye Salim. Mke wake Mwanaidi alikuwa msichana kutoka Nairobi, mzuri, mpole, ambaye Jumapili moja alikula kamba Watamu na Jumatatu hakuweza kutoka chooni. Mimi nilikuwepo kwa sababu miguu ya Bi Zuhura ilikuwa inavimba na alitaka mtu wa kumkanda. Mwongozaji, kijana mwenye haraka na kofia, akazunguka zunguka, mwisho akanitazama. "Huyu si anajua mistari? Namuona kila siku anaisoma." Faraji akasema, "Anaijua." Nikavishwa dera la Mwanaidi. Bi Zuhura alikuwa chumba cha nyuma anapakwa poda, na hakuna aliyemwambia.

Niseme hapa, kwa kuwa watu wamenipunguzia mzigo huu kwa miaka na siutaki huo msaada: kanuni niliijua. Nilijua ni onyesho gani lililokuwa linafuata na nilijua mwanamume anayesimama mbele yangu ni mume wangu. Ningesema ngojeni, muiteni mama. Nilinyamaza. Niliitaka ile nafasi. Nilikuwa nimewashikia watu karatasi muda mrefu na nilitaka kuonekana.

Tukasimama barazani. Faraji akanitazama machoni kama hajanitazama kwa miezi. Maandishi yalisema: Mwanaidi, nimekuacha. Yeye akasema, "Salama, nimekuacha."

Salama ni mimi.

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele. "Jina, kaka, jina!" Watu wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Tukarudia, akasema Mwanaidi. Tukarudia tena kwa sababu nilikuwa nimeziba taa, na tena kwa sababu mashine ya umeme iliguna. Ndipo Bi Zuhura akatokea mlangoni, nusu ya uso ina poda, nyusi moja nyeupe na moja nyeusi.

"Kasemaje?"

Akapiga hatua moja barazani.

"Nimeuliza, huyu kamwambiaje mkewe?"

"Amekosea jina tu, mama," mwongozaji akasema. "Tumesharekebisha."

"Jina la nani?"

Bi Zuhura akamgeukia Faraji, na Faraji akatazama viatu vyake, na hapo ndipo kicheko changu kilipokatika.

Kesho yake tukaenda kwa Maalim, mzee aliyetufungisha ndoa. Chumba chake kilikuwa na jamvi, chupa ya chai na feni iliyotikisika kama inataka kuanguka. "Shikamoo Maalim." "Marahaba, wanangu, karibuni." Bi Zuhura akaeleza yote bila kupamba. Maalim akasikiliza, akamuuliza Faraji: "Uliposema jina la mkeo, moyoni mwako palikuwa na nini? Ulikusudia kumwacha?" Mimi nilikuwa namtazama kidoleni, alikuwa anachomoa nyuzi za jamvi. Nilijua jibu. Jibu lilikuwa: la, Maalim, ulimi uliteleza, astaghafirullahi. Mtu yeyote angelisema hilo na tungeenda kula.

"Sijui, Maalim."

"Hujui?"

"Sijui."

Akamuuliza mara ya tatu na Faraji akasema vile vile. Maalim akashusha pumzi. "Shaka haivunji ndoa, mwanangu. Ilivyokuwa ndivyo ilivyo. Mkeo ni mkeo. Rudini nyumbani." Akatumiminia chai tukanywa. Nje langoni Faraji akaniambia, kwa upole sana, ati yeye anaogopa dhambi, ati asije akaishi na mwanamke asiye halali yake, nimpe muda roho yake itulie. Akapanda bodaboda kwenda kwa mama yake Kakuyuni. Mimi nikachukua mtoto nikaenda kwa Bi Zuhura, kwa kuwa sikuweza kuingia nyumba ile peke yangu na kuona viatu vyake.

Muda aliouomba ukawa miezi. Sikuwa mke, kwa maana mume hakuwepo. Sikuwa mtalaka, kwa maana Maalim alisema mkeo ni mkeo. Kila nilipotaka kutoka, hata kwenda dukani kununua sabuni, nilimtumia Faraji ujumbe kumwomba ruhusa, kama mke mwema, na yeye akinijibu neno moja: sawa. Nikikumbuka zile sawa hadi leo nataka kuvunja kitu. Wakati ule sikutaka kuvunja chochote. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilikula nilichowekewa. Asubuhi chai ya rangi, mahamri, mbaazi za nazi. Mchana wali na chochote yule mama wa sokoni alichokubali kumuuzia Bi Zuhura. Sikumbuki ladha ya kitu. Nakumbuka rangi ya sahani, kijani, yenye ua lililofutika.

Na kupitia ukuta wa uani nilisikia mji.

"Ati kaachwa mara ngapi?"

"Mara nne! Si kamera haikumpata sawa."

"Lo! Nne kwa siku moja! Mie wangu hata moja hathubutu."

"Wako shoga haongei kabisa, atakuachaje?"

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Bi Zuhura, aliyekuwa anakuna nazi, akainua sauti bila kuinuka juu ya mbuzi: "Asha! Mwambie mwenzio huyo nyusi zake anazochora mkaa zinaonekana mpaka huku, nije nimfunze kuzipaka!"

Hakunipa pole, hata siku moja. Alinipa kazi. Akafungua sanduku la bati, akanitupia leso zake kuukuu na kunitaka niwe mtu wa miaka sabini. Nikapinda mgongo, nikatetemesha mikono. "Umeumwa na nini, nge? Uzee hauko mgongoni. Mzee anaambiwa jambo, linamchukua muda kufika. Ngoja lifike ndipo ujibu." Nikajaribu. "Tena." Tena. Nilicheza bibi, mkunga, mwenye duka, mama aliyefiwa. Kwenye mama aliyefiwa nikakunja uso kutafuta machozi, akanipiga kofi la paja. "Uache huo uso. Hauna kazi. Wewe sasa huna hata chozi na wataka kutuonyesha chozi? Tuonyeshe ulicho nacho." Nilichokuwa nacho kilikuwa si kitu. Nikamwonyesha si kitu. Akasema, "Haya. Hapo una riziki."

Siku moja nilikwenda Kakuyuni. Nilimkuta Faraji na mama yake uani wanapukuchua mahindi. Mama mkwe akampokea Nasra, akanipa muhogo wa kuchemsha, akasema mwanawe ni mcha Mungu na mimi nishukuru, wanaume wengine wangejirudia tu bila kujali. Nikamuuliza Faraji mbele yake.

"Mimi ni mke wako ama si mke wako?"

"Maalim kasema u mke wangu."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi sijui, Salama."

"Basi rudi nyumbani."

"Siwezi."

"Basi niache."

"Siwezi kusema jambo nisilo na hakika nalo."

Nikamrushia hindi zima, likampiga begani. Hakukwepa. Mama yake akaliokota, akalipangusa, akalirudisha kwenye rundo. Nikarudi Malindi na mtoto mgongoni, na wote walioniuliza njiani na baadaye, wote, waliniuliza kitu kimoja: kwani Faraji alikusudia nini? Moyo wa Faraji uligeuka mali ya mji. Nilikuwepo pale barazani na mimi, nina masikio mawili, na hapakuwa na mtu wa kuuliza yalisikia nini.

Mvua za masika zilipokwisha, mwongozaji akapiga simu. Sauti za siku ile zilikuwa zimeharibika, mashine ya umeme imezifunika zote, na yule msichana wa Nairobi alishapata kazi kwingine. Walitaka turudie, na mimi niwe Mwanaidi moja kwa moja. Nikamtumia Faraji ujumbe. Sawa.

Safari hii Bi Zuhura alifika wa kwanza. Akawakusanya wote barazani: wapiga picha, mpishi, fundi umeme wa Nairobi aliyekuwa na msalaba shingoni, mwongozaji na kofia yake. "Vua kofia, baba, hili si jambo la kofia." Akaivua. Akamsimamisha Faraji katikati, na Faraji akasema kwa sauti safi: naigiza, maneno si yangu, sina nia. Tukaanza.

Akasema, "Mwanaidi, nimekuacha." Tukarudia. "Mwanaidi, nimekuacha." Wingu likapita, tukangoja, tukarudia. Mara saba. Na kama mara ya nne hivi nikaacha kuigiza, nikawa nasikiliza tu. Miaka yote niliyomshikia karatasi mtu huyu hakuwahi kukosea jina. Hakuwahi kukosea lake, hakuwahi kukosea la mwenzake, hata siku aliyopanda jukwaani na malaria. Nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote duniani, na sikuwa nimelifikiria.

Tukapumzika kula. Wali, samaki wa kupaka, kachumbari, sahani za plastiki mapajani. Nikaenda nikakaa mbele yake. Bi Zuhura alikuwa hapo, na mpishi alikuwa anagawa maji.

"Leo umelikumbuka jina," nikamwambia.

"Leo nilikuwa makini."

"Na siku ile?"

Akaubonyeza wali kwa vidole, tonge likawa dogo, likawa dogo zaidi. Mpishi akasimama na jagi lake.

"Siku ile pia," akasema.

Bi Zuhura akaweka sahani chini.

"Kwa nini hukuniambia nyumbani, Faraji?" nikamuuliza.

"Nilijaribu. Nyumbani sikuwa na maneno." Kisha machozi yakamtoka, mazuri, moja moja, na mimi nikayatazama yakishuka kama ninavyotazama maji ya bomba.

Bi Zuhura akampigia Maalim pale pale. Maalim akataka kuzungumza na Faraji, akamuuliza tena, na Faraji akakubali kwamba siku ile alikusudia. Kisha Bi Zuhura akaichukua simu, akanivuta pembeni, akaniuliza nimeingia mwezini mara ngapi tangu siku ile. Nikamwambia. Akamwambia Maalim, wakahesabu, wakahesabu tena. Eda yangu ilikuwa imeanza siku ile ile barazani na ilikuwa imekwisha kitambo bila mimi kujua. Nilikuwa si mke wa mtu. Nilikuwa si mke wa mtu nilipoomba ruhusa ya sabuni. Nilikuwa si mke wa mtu pale Kakuyuni nikila muhogo wao na kuambiwa nishukuru.

Faraji akaenda kukaa ndani ya gari la wapiga picha. Mwongozaji akaja, kofia bado mkononi, maskini. Palikuwa pamebaki kupigwa picha ya uso wangu tu, kwa karibu, ninapopokea yale maneno. Akasema tunaweza kuahirisha. Bi Zuhura akageuka kwangu.

"Wewe Salama, wataka nini?"

"Nataka kumaliza kazi yangu."

Basi akavuta kiti ubavuni mwa kamera, akavaa miwani, akashika karatasi ya Faraji. Fundi akaniwekea taa. Bi Zuhura akasoma kama mtu anayesoma maelezo ya dawa: "Mwanaidi, nimekuacha." Kwenye maandishi Mwanaidi alitakiwa aanguke magotini, amshike mumewe kanzu, aulize amekosa nini. Mistari yangu hiyo nilikuwa naijua vizuri. Nikabaki nimesimama. Nikamtazama aliyeyasema maneno mpaka nilipomaliza kumtazama, kisha nikageuka nikaingia ndani, na kamera ikabaki inapiga mlango.

"Kata," mwongozaji akasema, taratibu. Akanifuata kule gizani. "Mbona hukuuliza? Pale anatakiwa aulize amekosa nini."

"Huyu hana la kuuliza," nikamwambia. "Ukitaka mwenye kuuliza, mlete yule wa Nairobi."

Akarudi barazani, nikamsikia anawaambia wenzake wahamishe taa, onyesho hilo limekwisha.